Hatua za Bi Semhando

Karatasi niliinunua Barabara ya Nane, dukani kwa madaftari,
kopi ya kopi, shilingi mia mbili,
mchoro wa mkungu umekuwa doa tu.
Juu, kwa mkono, herufi zikiegemea kulia:
*Matembezi ya miti na ndege, mjini Tanga.
Hakuna kiongozi. Msomaji ajiongoze.*
Na chini kabisa, kwa haya: *Bi Semhando, mwalimu mstaafu.*

Natoka zamu ya usiku, Bombo.
Viatu vyangu vya mpira vinanuka spiriti.
Wadini kumekucha salama,
isipokuwa kitanda cha kumi na moja,
ambacho sasa kina shuka mpya.
Sitaki chai. Usingizi siutaki.
Getini nakunjua karatasi.

*Hatua arobaini, kushoto. Mkungu.
Acha majani, kila mtu huona majani. Papasa gome.*

Mimi huhesabu matone ya dripu hadi alfajiri,
sikosei hesabu.
Thelathini na nane. Tisa. Arobaini:
nimesimama juu ya mtaro,
kopo la maziwa limenitumbulia macho.
Mkungu uko nyuma yangu.

*Hatua mia na kumi. Mvinje.*
Mia na kumi ikaniingiza uani kwa watu.
Mlinzi akanyanyuka na rungu lake na mswaki mdomoni:
"Unamtafuta nani?"
"Mvinje."
Akafikiri, akatema povu.
"Mvinje hakai hapa. Labda nyumba ya pili."

Nikacheka hadi barabarani,
cheko la kwanza tangu saa nane za usiku,
na katikati ya cheko nikaelewa:
hizi si hatua zangu.
Ni za mwanamke mfupi,
goti la kulia halikunjiki vizuri,
labda mkoba mzito begani.
Nazijua hatua hizo. Huwa nazishika kwapani
koridoni, asubuhi ya tatu baada ya upasuaji:
haya mama, moja. Pumzika. Mbili.

Nikafupisha.
Kisigino mbele ya kidole, kisigino mbele ya kidole,
na miti ikaanza kuja yenyewe,
mmoja mmoja, kila mmoja kwenye namba yake:
mkwaju, mwarobaini, mjohoro unaomwaga njano
juu ya bodi ya pikipiki iliyokufa.
*Hapa subiri chozi.* Nikasubiri.
Chozi akaja, mdogo kama kidole gumba,
akaning'inia uani mwa ua jekundu, akanywa,
wala hakuniuliza nimeajiriwa wapi.

*Msufi. Ukipasuka, mtaa mzima huvaa kanzu.*
Hakuna msufi. Kuna kisiki,
na juu ya kisiki Mbaruku, fundi viatu, na gundi yake.
"Waliukata, dada, ulikuwa unagusa nyaya."
Kisha, akitikisa kisanduku cha misumari:
"Lakini sufi bado naziokota humu. Sijui zinatoka wapi."
Nikaazima kalamu yake nifute kituo.
Sikufuta. Niliandika pembeni: *kisiki, Mbaruku, misumari.*

Jua limepanda. Raskazone iko nyuma,
lami imekwisha, mchanga umekuwa tope,
mikoko imesimama na miguu nje
kama wagonjwa wanaosubiri daktari aliyechelewa.
Kituo cha mwisho hakina namba ya hatua.
Kina neno moja:

*Kaa.*

Nimeligeuza neno hili huku na huku.
Ananionyesha mnyama,
au ananiambia niketi?
Tope tupu. Matundu, mamia, hakuna mwenye nyumba.
Nimesimama hadi nyayo zinauma
na hakuna lililotoka.

Basi nikaketi, sare yangu nyeupe na yote,
juu ya mzizi uliolowa.
Sikuhesabu.
Ikapita muda gani, muulizeni Bi Semhando.
Tundu la karibu likatikisika,
ukatoka mkono mmoja mwekundu, mkubwa kuliko mwenyewe,
ukapunga,
kisha tundu la pili,
kisha ufuko mzima.